Meru si Kilimanjaro ya watoto: mlima gani kwa Pasaka?

"Kaka, tuko watano hapa Dar, tuna siku nne za Pasaka. Kilimanjaro hatuiwezi, tupeleke Meru, ule mdogo." Ujumbe wa namna hii nimeupata mara nne mwezi huu, na uvumilivu umeniishia. Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro kwa mita 1,329, sawa. Lakini anayedhani kwa sababu hiyo utampokea kwa upole, anapanga safari kwa kutazama kilele peke yake.

Mimi natazama unapolala. Geti la Momella, unapoanzia Meru, liko kwenye mita kama 1,500. Usiku wa kwanza unalala kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Wa pili unalala Saddle, mita 3,570. Usiku huohuo, saa saba hivi, unaamshwa uende kileleni, mita 4,566, ambako hewa ina kama asilimia 57 tu ya msukumo wa ile ya Dar. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500. Hapo umeongeza zaidi ya 1,000! Njia ya Marangu ya Kilimanjaro nayo, toka kibanda cha Mandara hadi cha Horombo ni mita 1,000, ila wanaopanda kwa siku sita hulala Horombo mara mbili, mwili ukazoea. Meru ya siku tatu haina usiku huo wa ziada, na siku ya kilele unateremka moja kwa moja hadi getini, mita 3,000 na zaidi, kwa magoti yaleyale.

Mwaka mmoja nilikuwa na kijana mcheza mpira aliyefika Saddle kabla ya wapagazi. Jioni nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kamba za buti. Anafunga, zinafunguka, anaanza upya. Nikamwomba atembee kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu akaegemea ukuta: ugonjwa wa mwinuko ulikuwa umemshika. Hatukungoja asubuhi. Tulishuka kwa tochi, askari wa hifadhi na bunduki yake mbele kwa ajili ya nyati, na tulipokaribia Miriakamba akaanza kuulizia chakula. Mzee wa miaka sitini wa kundi hilohilo usiku ule alilala fofofo.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "mimi niko fiti". Baada ya miaka yote hii siwezi kumtazama mtu getini nikasema nani mlima utamkamata. Mazoezi hayakingi, mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayepanda haraka mno. Acetazolamide, dawa ya kukinga ugonjwa huo, husaidia, muulize daktari wako kabla, lakini haiwezi kukuongezea usiku usiokuwa nao.

Halafu kuna mvua. Pasaka huangukia ndani ya masika. Kilimanjaro, mvua nyingi huishia kwenye msitu wa kusini, kwa hiyo anayelazimika kupanda msimu huu namwelekeza njia ya Rongai, upande wa kaskazini ulio mkavu zaidi. Meru, kinachonitia hofu ni ule ukingo baada ya Rhino Point, juu ya Saddle: mawe yanateleza yakilowa, na yakishika barafu ni hatari kweli.

Sasa piga hesabu. Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ni siku nne. Dar hadi Arusha kwa basi ni siku nzima, kurudi nyingine. Zimebaki mbili. Kwa siku mbili, Meru futa.

Morogoro ipo. Treni ya SGR inakufikisha kwa muda usiozidi saa mbili, na Uluguru imesimama juu ya mji. Morning Side ni matembezi ya nusu siku. Lupanga, mita 2,138, ni kazi ya siku nzima, mwinuko mkali, mizizi na tope, lakini kichwa hakitakuuma kwa hewa. Ukitaka baridi na nafasi ya kupumua, nenda Lushoto: msitu wa Magamba, kisha Irente, ambako ardhi inakatika ghafla na unaiona nyika chini kabisa. Uliza hali ya barabara ya kutoka Mombo kabla ya kuondoka, maana mvua kubwa huporomosha udongo. Kwa walioko Mbeya au Njombe sina la kujadili: hifadhi ya Kitulo. Maua yake huchanua kati ya Desemba na Aprili, na ukingoja kiangazi utakuta nyasi.

Wale watano nimewajibu hivi: Ijumaa treni ya asubuhi na Morning Side, Jumamosi Lupanga mkiwa na mwenyeji wa njia, saa kumi na mbili asubuhi mko njiani. Jumapili pumzikeni. Buti ziwe na meno, koti la mvua liwe la kweli. Meru tuonane Julai, kwa siku nne za mlimani, bila kuhesabu basi.