Kwa nini Commodore 64 haitulii kwenye skrini ya HDMI

Karibu kila anayepanda ngazi hadi karakana yangu ya Luthuli Avenue, Nairobi, akiwa amekumbatia kompyuta ya zamani huuliza jambo moja: ni plagi gani itakayoingia kwenye monita yake? Swali hilo nalielewa, kwa kuwa maduka yaliyo chini yangu yamejaa plagi za kila umbo na hakuna muuzaji atakayekuacha uondoke mkono mtupu. Hata hivyo, umbo la plagi ndilo jambo jepesi kuliko yote. Kinachokataa kulingana ni mwendo ambao picha huchorwa.

Kompyuta za nyumbani za Commodore 64 na ZX Spectrum za mwaka wa 1982, pamoja na Amiga 500 ya 1987, ziliundwa zitumie runinga ya kichogo ya sebuleni. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Kenya, mwale wa elektroni huchora mistari 15,625 kila sekunde, ilhali monita za VGA, zilizoanza 1987, huhitaji 31,500 hivi, yaani maradufu. Ndiyo maana waya unaotoka Amiga moja kwa moja hadi tundu la VGA, hata ukilehemiwa kwa ustadi wa namna gani, kwa kawaida huishia kwenye kioo cheusi chenye onyo kwamba masafa hayakubaliki.

Kuna hila nyingine iliyofichika zaidi. Kituo cha runinga kilirusha picha ya mistari 625 kwa zamu mbili, kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, zamu 50 kwa sekunde. Wahandisi wa kompyuta za nyumbani walikwepa mtindo huo kwa sababu maandishi yangetetemeka, wakaamua kila zamu iwe picha kamili ya mistari 312 hivi, ikichorwa palepale ilipochorwa iliyotangulia. Runinga ya kichogo haikujali. Kisanduku cha bei nafuu cha kugeuza picha kuwa HDMI, kwa upande wake, mara nyingi hakijui ila matangazo ya runinga. Hudhani kwamba zamu mbili ni nusu za picha moja, kikazishona pamoja. Herufi zikaanza kutetemeka, kingo za kitu kinachokwenda zikawa na meno kama kitana, na vile ambavyo mchezo huvionyesha zamu moja na kuvificha zamu inayofuata vikapotea kabisa au vikabaki kama kivuli. Zaidi ya hayo, kushona kunahitaji kungoja, na kungoja huko ndiko mchezaji hukuhisi kidoleni.

Mimi mwenyewe niliwahi kumuuzia kisanduku cha aina hiyo mwalimu mstaafu aliyeniletea Commodore 64 yake. Maandishi yalipotokea kwenye kioo tulipeana mikono. Baada ya siku mbili alirudi akaniambia, “Kijana, mpira huu naupiga ukiwa umeshapita.” Nilimrudishia pesa zake.

Tiba ni kifaa cha kurudufu mistari, kama vile OSSC au RetroTINK 2X, ambacho hupokea kila mstari na kuutoa mara mbili bila kungoja picha nzima ikamilike, hivyo ucheleweshaji wake hauhisiki. Viwili hivyo havipokei vitu sawa, na hapa wengi hupoteza pesa: OSSC peke yake hupokea picha ambayo nyekundu, kijani na buluu zimetengwa, inayoifaa Amiga, wala haina tundu la S-Video, yaani la picha ambayo mwangaza na rangi hupita nyaya tofauti, wala la picha ya waya mmoja. Kwa Commodore 64 nachagua RetroTINK, ambayo ina tundu la S-Video, kwa maana tundu la nyuma la kompyuta hiyo lenye pini 8 hutoa mwangaza na rangi kwa nyaya tofauti, na yeyote anayeacha njia hiyo akazichanganya kwenye waya mmoja anajidhulumu. Commodore 64 za mwanzo kabisa zina pini 5 na hazitoi rangi kando. Rangi ya mashine hii ni kali kwa vifaa vya leo, basi mimi huweka rezista ya omu 300 hivi kwenye waya wa rangi ili nyekundu isivuje.

Kurudufu mistari hakubadilishi idadi ya picha kwa sekunde, na hapo ndipo wateja wangu wengi hukwama. Commodore 64 ya PAL hutoa picha 50.125 kwa sekunde, Spectrum ya kilobaiti 48 hutoa 50.08, lakini monita nyingi za ofisini, hasa hizi za mitumba kutoka Ulaya ambazo jiji limejaa, zimezoea 60 na hukataa 50. Kabla ya kununua chochote, unganisha monita yako na kipakatalishi, ufungue mipangilio ya skrini, uangalie kama hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, imeorodheshwa. Ikikosekana, tafuta runinga ya kawaida, kwa kuwa runinga za soko letu huwa zinaikubali. Kompyuta iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani hukwepa tatizo hilo, kwani hutoa picha 60 hivi, ila transfoma yake ya volti 120 itaungua papo hapo ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 240.

Mwalimu alirudi na runinga ya inchi 32, nami nikaiweka kwenye uwiano wa 4:3 wa upana kwa kimo, kama runinga za zamani. Juma lililopita alipiga simu kuuliza jinsi ya kuondoa weusi uliobaki pande mbili za kioo. Nilimsihi auache, la sivyo mpira wake utakuwa yai.