Fedha za Ardhioevu Hazilipwi kwa Idadi ya Miche

Malalamiko yanayotufikia yanafanana: fedha za kurejesha ardhioevu ya pwani zimetangazwa, miche ya mikoko imejaa kitaluni, mbona malipo hayatoki? Hayajazuiwa. Ruzuku nyingi za aina hii hulipa kazi iliyokwisha kufanyika na kukaguliwa, si kazi inayokusudiwa.

Miche yenyewe ndiyo chanzo cha matatizo. Wengi huipanda kwenye tope la chini kabisa, kwa sababu halina mwenyewe. Hapo mche hukaa majini muda mrefu mno, mizizi ikakosa hewa, ukafa. Mkoko huota sehemu ya juu ya eneo la kujaa na kupwa, pasipofunikwa na maji zaidi ya theluthi hivi ya muda. Mara nyingi inatosha kubomoa tuta la bwawa la kufugia kamba lililotelekezwa. Maji yakipita, mbegu hujileta zenyewe. Tunajua, tuta lililobomolewa halipendezi kwenye picha ya uzinduzi.

Chanzo cha fedha nacho hufunga matumizi yake. Louisiana, nchini Marekani, chini ya sheria ya ardhioevu ya 1990, serikali kuu hulipa asilimia 85 na jimbo 15. Fungu kama hilo halilipi paa lililoezuliwa na kimbunga. Tumelieleza hili mara nyingi.

Kumbukumbu ni lazima: usawa wa ardhi uliopimwa kabla ya kazi kuanza, idhini ya mwenye eneo, picha zenye tarehe, na stakabadhi halisi, si nakala zilizojazwa baadaye. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani hudai kumbukumbu zitunzwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha. Huko, anayewasilisha dai la uongo kwa kujua hutozwa mara tatu ya hasara, na juu yake faini kwa kila dai. Ankara 10 za uongo zilizowasilishwa mbalimbali zinaweza kuhesabiwa madai 10, hata kama mradi ni mmoja.

Mwisho, kinga ya dhoruba. Mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Lakini bahari inapovimba kwa dhoruba, maji hushuka sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita ya mikoko. Kwa hiyo ombi linalodai kwamba ukanda wa mita 40 utazuia mafuriko hayo linarudishwa kwa mwombaji, na foleni yake inaanza upya.