Majstång si mlingoti wa Mei

Wengi wakisikia majstång, ule mlingoti wa majani wa Waswidi, hudhani jina limetokana na mwezi Mei, ambao kwa Kiswidi huitwa maj. Sivyo. Limetokana na kitenzi cha zamani, maja: kupamba kwa majani mabichi. Mlingoti husimamishwa mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambao tangu 1953 huwa Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Zamani ulikuwa tarehe 23, siku yoyote ya wiki. Mei, kaskazini mwa Uswidi, björk (birch), mti ambao majani yake hupamba mlingoti, huenda hata haujachipua!

Matawi yafungwe kuanzia juu kushuka, ncha zikitazama juu, kila fungu lifunike vikonyo vya lililotangulia. Yakikatwa siku mbili kabla hunyauka na kusinyaa, kamba hulegea, na mlingoti hubaki uchi kabla ngoma haijaanza.