Je, wajua kwa nini shule nzima humezeshwa dawa ya minyoo bila mtoto hata mmoja kupimwa?

Siku ya kingatiba shuleni utaijua kwa foleni. Darasa la kwanza wako mbele, la saba wako nyuma wakijifanya hawana wasiwasi, na mezani kuna ndoo ya maji, vikombe na daftari la majina. Mwalimu anaweka kidonge kiganjani mwa mtoto, mtoto anakitafuna, kisha anaambiwa: "Haya, toa ulimi." Lazima achunguliwe, maana wapo mabingwa wa kukificha shavuni wakaenda kukitema nyuma ya choo.

Jioni nyumbani ndipo swali linapozuka, nalo ni swali la haki kabisa. Mwanangu haumwi tumbo, hajapimwa choo, sasa wamempa dawa ya nini? Mbona dawa ya malaria hupewi mpaka utobolewe kidole?

Jibu linaanzia kwenye tabia moja ya minyoo ambayo wengi hatuijui: haiongezeki tumboni kwa kuzaana. Vijidudu vya kipindupindu vikiingia vichache, baada ya muda mfupi ni mamilioni. Lakini yule mnyoo mkubwa wa mviringo, mweupe, anayefanana na nyungunyungu, haendi hivyo. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na hakuna hata moja linaloanguliwa humo tumboni. Ni lazima yatoke na choo, yakae kwenye udongo kama wiki mbili au tatu yapevuke, ndipo mtu akiyameza yaanguliwe. Kwa hiyo mtoto mwenye minyoo 30 amemeza mayai yasiyopungua 30: mengine yalikuwa chini ya kucha, mengine kwenye embe lililookotwa chini ya mti na kupanguswa kwenye shati, mengine kwenye vidole vilivyotoka kucheza gololi.

Safari ya yai hilo baada ya kumezwa inashangaza. Kiluwiluwi kinachotoka hakibaki utumboni. Hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hupita ini, hufika mapafuni, hupanda na makohozi hadi kooni, kisha humezwa tena. Mara hii ndipo hutulia na kukua. Kikohozi kikavu kinachomkamata mtoto siku chache bila mafua wakati mwingine ni wapangaji hao wanapita njia.

Sasa tazama foleni yetu upya. Katika darasa moja, watoto wachache huwa ndio wenye minyoo mingi mno, wengi wana miwili mitatu, na wengine hawana kabisa. Yule mwenye miwili mitatu hana dalili yoyote. Anacheza mpira, anakula, anafaulu. Ila kila akienda haja anachangia mayai kwenye udongo ambao shule nzima inaukanyaga. Ukimtibu anayeumwa tu, utakuwa unadeki sakafu huku bomba linavuja.

Kwa nini basi wasipimwe kwanza? Kipimo kinachotumika zaidi, kiitwacho Kato-Katz, kinataka choo cha kila mtoto, darubini, na mtaalamu wa kuhesabu yai baada ya yai. Tena afanye haraka, kwa sababu mayai ya minyoo ya safura hupotea machoni ndani ya saa moja hivi baada ya kutayarishwa kwenye kioo. Fanya hivyo kwa wanafunzi 800 wa shule moja. Kidonge chenyewe, albendazoli ya miligramu 400, ni cha bei ndogo sana kuliko kipimo. Na ni salama hata kwa asiye na minyoo, kwani sehemu kubwa yake hubaki utumboni bila kuingia kwenye damu. Kinachopimwa ni eneo: wataalamu huchukua sampuli katika shule chache, na Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba wakikuta walau mtoto mmoja kati ya watano ana minyoo, wote watibiwe mara moja kwa mwaka. Wakifika nusu, iwe mara mbili.

Hoja ya udongo wa pamoja ilipata nguvu kutoka Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 75 zilizopewa dawa kwa awamu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu kwa sababu majirani zao walimeza. Wasomi wengine walizichambua takwimu hizo upya na wakabishana vikali kuhusu masomo na mahudhurio, na ubishi haujaisha. Lakini kwamba dawa inaondoa minyoo, hilo halina mjadala.

Penye kichocho huongezwa prazikwanteli, na hii ndiyo yenye vituko. Idadi ya vidonge hufuata urefu wa mtoto: husimamishwa kwenye ubao wenye alama, na mwenye sentimita 125 hadi 137, kwa mfano, hupata viwili. Ukiimeza tumbo tupu, kichefuchefu na kizunguzungu ni jambo la kawaida. Mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto waliimeza bila kula, wakaanza kuumwa, uvumi ukaenea kwamba watoto wanauawa, na wazazi wakavamia shule kwa hasira. Kwa maoni yangu wazazi wale hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewaeleza mapema, wala aliyehakikisha kuna uji.

Dawa inaua minyoo iliyomo siku hiyo, basi. Haimlindi mtoto dhidi ya yai atakalomeza wiki ijayo, na mayai ya mnyoo wa mviringo huweza kuishi udongoni miaka. Ndipo usafi unapoingia, ila hapa huwa tunawahubiria watoto jambo moja kwa minyoo yote. Kunawa kwa sabuni na kukata kucha huzuia ile ya kumezwa. Safura hajali mikono yako: kiluwiluwi chake husubiri kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kikapenya ngozi ya mguu mtupu, na mnyoo akishafika utumboni hunyonya damu hadi mtoto anapauka. Huyo dawa yake ni viatu, hata kandambili, na choo kinachotumika kweli.

Ndiyo sababu mwalimu wa afya anayeijua kazi yake, akishafunga kibuyu chirizi karibu na choo, kidumu chake, kamba ya kukanyagia na kipande cha sabuni kinachoning'inia, hupeleka pia ndoo mbili tatu za kokoto na kuzimwaga pale chini maji yanapodondokea, kusiwe na tope la kukanyagwa na miguu mitupu.