Mkojo mweupe hauthibitishi kwamba figo ni nzima
Wapo wanaoamini kuwa mkojo mweupe kama maji ni dalili ya figo nzima, na wa njano iliyokolea ni dalili ya figo mbovu. Rangi peke yake haitoshi. Anayeokota korosho juani Newala bila kunywa maji ya kutosha atakojoa njano nzito kwa sababu figo zake zinafanya kazi barabara: zinabana maji. Mwingine figo zimeumia ghafla, na mkojo bado ni mweupe.

Maabara huchovya kijiti kutafuta protini na damu, kisha huutazama mkojo kwa hadubini. Vipande vya kahawia vyenye umbo la mrija huashiria kuumia kwa mirija ya figo. Huvunjika mapema, hivyo sampuli ipimwe ndani ya saa 2. Kinga mkojo wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho. Ukiwa hedhini sema, damu hiyo hupotosha majibu. Kipimo cha kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huichuja) kwenye damu bado kinahitajika.

Nyumbani, pima kiasi cha mkojo kwa jagi lenye alama. Mtu mzima wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 180 kwa saa 6, hasa baada ya kuhara au kutapika, awahishwe hospitali.