Modeli ya garimoshi la Reli ya Kati: yanayosemwa na ukweli wake

“Nunua ya G, umemaliza.” Hilo ndilo jibu la haraka kwa mtu wa Dodoma anayeulizia modeli kubwa ya garimoshi la mvuke, ile ya kukimbia uani badala ya mezani. Lakini G si skeli, yaani si kipimo cha modeli ni ndogo mara ngapi kuliko garimoshi lenyewe. Ni jina la jumla la modeli zinazopita kwenye reli yenye upana wa milimita 45, na juu ya reli hiyo hiyo utakuta za 1:20.3, 1:22.5, 1:29 na 1:32. Ya 1:32 inafuata reli ya milimita 1,435, upana wa SGR yetu, ya 1:20.3 inafuata reli za futi tatu, zile za milima ya Marekani. Reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, ina upana wa mita moja. Gawanya 1,000 kwa 45 unapata 22.2. Basi 1:22.5, skeli ambayo Wajerumani wa kampuni ya LGB waliianza mwaka 1968, inaikaa Reli ya Kati karibu sawasawa. Wapenzi wa TAZARA hawana bahati hiyo, kwani reli yao ni milimita 1,067. Tena wao mvuke wa nini, ilhali TAZARA ilianza na dizeli?

Usiliamini boksi hata hivyo. Watengenezaji wengi huchukua kichwa cha treni ya reli nyembamba zaidi, ya milimita 750 au 760, wakakipanua kidogo kikae kwenye 45. Omba vipimo, ulinganishe mwenyewe.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni ya vile vichwa vya Mount, injini za mvuke zilizopewa majina ya milima. Watu husema: vilikuwa vikubwa kuliko vyote, na vina majina ya milima yetu, kwa hiyo ndivyo vilivyopita hapa. Majina ni ya kwetu kweli. Gelai iko kaskazini, Shengena iko Upareni, na Mount Gelai na Mount Shengena zote mbili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ila kazi yao ilikuwa njia ya Mombasa. Vichwa hivyo vya daraja la 59, jumla 34, vilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kimoja kilikuwa na tani 252, na ekseli iliikandamiza reli kwa tani 21 hivi. Reli nyepesi za Tanganyika zisingehimili. Anayetaka injini ya aina hiyo, yenye mitambo miwili na boila katikati, atazame daraja la 60, lililobeba tani 11 tu kwa ekseli. Baadhi zilifanya kazi upande huu.

Mimi ningechagua namba 3020, iitwayo Nyaturu. Ni ya daraja la 30, ya mwaka 1955, kutoka North British ya Glasgow, na jina lake ni la watu wa Singida, majirani zetu kabisa. Nayo imo kwenye makumbusho hayo hayo ya Nairobi. Nenda na futi kamba.

“Paka rangi ya damu ya mzee, bandika namba, nani atajua?” Atajua kila anayehesabu magurudumu. Nyaturu ina mawili madogo mbele, manane makubwa ya kuendesha, na manne madogo nyuma, halafu tenda, yaani behewa kubwa la maji linalofuata nyuma yake. Modeli ya Harz ya Ujerumani, ingawa reli yake nayo ni ya mita moja, ina makubwa kumi na haina tenda. Rangi haifichi hilo. Na picha moja haitoshi. Shirika la reli la Afrika Mashariki liliweka mfumo wa Giesl wa kutolea moshi kwenye vichwa vingi, na bomba la moshi likageuka kuwa jembamba na refu kuelekea nyuma. Injini ile ile ya 1956 na ya 1966 zinaweza kuwa na sura mbili. Chagua mwaka kwanza, ndipo uchague picha.

Wengine hudhani modeli ya mvuke lazima ile makaa. Vichwa vya Mount vyenyewe vilichoma mafuta mazito. Modeli nyingi za skeli hii huchoma gesi ya butani au spiriti. Za makaa zipo, ni za mwenye subira. Kinachosumbua zaidi Dodoma ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi yataacha magamba ndani ya boila ndogo, kwa hiyo kinga maji safi ya mvua wakati wa masika, au nunua yaliyokenekwa. Ukiyapata kwa wauza betri, soma chupa mara mbili: tindikali nayo huuzwa hapo.

Kuhusu nafasi, wengi hukadiria urefu wakasahau uzito na kona. Mount iliyokuwa na karibu mita 32 inakuwa mita 1.4 kwa 1:22.5, na tani zake 252 zikipunguzwa kwa skeli hiyo hiyo zinabaki kilo 22 hivi. Kona za seti za kuanzia, zenye nusu kipenyo cha sentimita 60, ni za vichwa vifupi. Nyaturu itataka kona pana zaidi, na mataruma yaliyolazwa juu ya kokoto zilizoshindiliwa, maana udongo wa hapa hupasuka kiangazi na kutelemka mvua ikinyesha.