Je, wajua? Kwa nini aliyeruhusiwa kutoka hospitalini kwa masharti anaweza kurudishwa bila kuvunja sharti lolote

Swali hili niliulizwa barazani, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, baada ya sala ya alasiri. Jirani yangu alikuwa amepata habari kwamba jamaa yake aishiye Uingereza, kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye mahakama iliwahi kumpeleka hospitalini na baadaye akaruhusiwa kutoka kwa masharti, amerudishwa wodini. "Mwalimu, amevunja sharti gani?" akauliza. Nikamjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua: hapana shaka amevunja mojawapo, kwani mtu harudishwi hivi hivi.

Jibu lile lilikuwa na makosa mawili, na yote yalitoka mahali pamoja. Nilikuwa nikifikiria dhamana na kifungo cha nje, mambo tunayoyaona katika mahakama zetu, ambako mtu hupewa masharti, akiyavunja huitwa kujieleza, na akishindwa huadhibiwa. Katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, inayotumika England na Wales, mambo hayaendi hivyo. Mahakama inaweza kumpeleka mtu aliyetenda kosa hospitalini badala ya gerezani, na ikiona umma uko hatarini huongeza amri ya vizuizi, yaani amri inayomzuia daktari kumtoa bila idhini ya Waziri wa Sheria. Baadaye Waziri anaweza kumruhusu atoke kwa masharti, kama vile kukaa katika nyumba fulani na kuonana na daktari na ofisa wa ustawi wa jamii. Kisha kifungu cha 42 kinampa Waziri huyo mamlaka ya kumrudisha kwa hati, wakati wowote amri ya vizuizi ikiwa hai, katika hospitali itakayotajwa humo, ambayo si lazima iwe ile ya zamani. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu nikitafuta maneno "akivunja sharti", nisiyaone. Kwa hiyo, kwanza, mtu anaweza kurudishwa hali ameyashika masharti yote. Pili, na hili lilinishangaza zaidi, kuvunja sharti peke yake hakutoshi kumrudisha: kinachotazamwa ni kama amekuwa hatari kwa umma, na kama hatari hiyo inatokana na hali ya akili yake. Kurudishwa si adhabu, ingawa anayefungiwa mlango huenda asiione tofauti.

Yeyote aliyewahi kuegesha mashua mbele ya forodha yetu atalielewa jambo hili kwa amari, ile kamba nene ya nanga. Maji yakijaa, nahodha hulegeza amari, na chombo huelea, hugeuka kufuata mkondo, hata mtazamaji wa Shela akadhani kiko huru. Nanga, hata hivyo, imebaki mchangani pale pale. Amri ya mahakama ndiyo nanga. Kuruhusiwa kwa masharti ni urefu wa amari uliotolewa. Upepo wa kusi ukichafuka, nahodha huivuta amari, na havuti kwa sababu mashua imekosa adabu. Mfano huu unakwama mahali pamoja tu: mashua haina haki ya kuuliza kwa nini inavutwa.

Haki hiyo ilipatikana kwa kesi. Mwanamume mmoja, anayetajwa katika kumbukumbu kwa herufi X tu, aliruhusiwa kutoka hospitali ya Broadmoor mwaka 1971, akarudishwa mwaka 1974 baada ya mkewe kumweleza ofisa wa urekebishaji wasiwasi wake. Mwaka 1981 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba X hakupewa njia ya kweli ya kuifikia mahakama iliyoweza kuchunguza kama kuzuiliwa kwake kulistahili. Sheria ya 1983 ilifuata, na kifungu chake cha 75 kinamtaka Waziri alipeleke shauri la aliyerudishwa mbele ya baraza huru la uamuzi katika muda wa mwezi mmoja tangu arejee hospitalini. (Baraza hilo halifanani na letu, sidhani kama lina kahawa.)

X, hata hivyo, alikuwa mgonjwa, na hapo ndipo swali la jirani yangu linapokuwa gumu. Ugonjwa wa akili unaweza kutulia kisha ukarejea, na daktari akasema: umerudi. Ulemavu wa akili na usonji haviondoki, basi haviwezi kurudi. Mtu huyo yuko vile vile alivyokuwa siku aliyoruhusiwa, hivyo kilichobadilika hakina budi kutafutwa katika mwenendo wake au katika mazingira yake: mlezi aliyemzoea ameondoka, nyumba imefungwa, ratiba imevurugika. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa utaratibu wenyewe, kwa kuwa tegemeo likianguka, anayerudishwa wodini ni yule aliyekuwa akilitegemea.

Kuna ajabu nyingine. Mwanamume aliyeitwa MM, mwenye ulemavu mdogo wa akili na usonji, aliomba aruhusiwe kutoka kwa sharti la kusimamiwa saa zote, na mwenyewe akaridhia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, ikisema sheria ile haikutoa mamlaka ya kumtoa mtu hospitalini na kumnyima uhuru huko nje, hata akikubali. Sehemu ya hoja ilikuwa hiyo hiyo niliyoikosea barazani: ridhaa inaweza kuondolewa kesho, na kuvunja sharti peke yake hakumrudishi mtu.

Kwetu Kenya, kifungu cha 167 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kiliandikwa kwa ajili ya mshtakiwa ambaye si mwendawazimu lakini hawezi kueleweshwa kesi yake, na kikaelekeza azuiliwe kwa hiari ya Rais. Angalau walioandika waliona kwamba mwendawazimu na huyo asiyeweza kueleweshwa ni watu wa aina mbili.

Nilimrudia jirani yangu nikamwambia aliache swali la sharti, aulize sababu gani zimetolewa za kumrudisha, na shauri limepelekwa mbele ya lile baraza la uamuzi tarehe gani. Akahesabu kwa vidole: siku ya kumi na tisa tangu arudishwe.